Mnunuzi wa Pikipiki Yangu

Wazo, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itawakuta wewe na mama mkiwa wazima, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Mie huku sijambo, nakula vizuri na kulala nalala vizuri zaidi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika katikati.

Mzee Ferdinand, mshenga wa Lusungu, alipokuja huko Ndanda, aliwaambia kwamba mchumba wangu anaona aibu mkewe mtarajiwa kuendesha pikipiki, tena lile likubwa la kiti cha chini na usukani mpana. Akataka niiuze kabla ya ndoa. Nawe ukaniambia nitii, pikipiki si mume. Nilinuna, Baba, sikufichi. Nimeinunua kwa jasho la duka langu la vifaa vya ujenzi, haijafikisha hata mwaka, tairi zake bado zina vinyweleo. Lakini nilitii. Nikabandika karatasi dukani kwamba inauzwa.

Wateja wakaja. Karibu wote waliuliza mwenyewe yuko wapi. Nikisema ndiye mie, wanacheka, kisha wanauliza kaka yuko wapi. Mmoja nilimwambia kaka yuko Ndanda anapalilia mikorosho, amfuate huko.

Jumamosi akaja kijana mstaarabu, anaitwa Brightson. Huyo hakuuliza habari za kaka. Aliiwasha, akasikiliza injini, akaridhika, kisha akataja bei ya kuokota. Nilipokataa akasema yeye ametumwa tu, ngoja ampigie mwenye hela. Akaweka sauti ya nje ili nisikie kwa masikio yangu kwamba hakuna nyongeza. Masikini, hakujua mie ni nani. Sauti ikamjibu asiongeze hata senti, ambane tu, yule mwanamke atauza atake asitake maana harusi imekaribia, na yeye ana hamu ya kuipanda mpaka Bagamoyo.

Ilikuwa sauti ya Lusungu.

Niliichukua ile simu nikamsalimia. Akakata. Jioni alikuja mwenyewe, eti alitaka tu isitoke nje ya familia. Nikamuuliza imekuwaje iwe aibu nikiipanda mie na iwe fahari akiipanda yeye. Akasema mwanaume ni mwanaume. Baba, hasira zilinipanda.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Jana nimemrudishia Mzee Ferdinand pete. Sikukuuliza wewe, wala mama, wala shangazi Editha, na najua binti hafanyi hivyo, wazee ndio huvunja uchumba. Huu nimeuvunja mie. Kishika uchumba walichowaletea, tafadhali kirudisheni. Kwa kutowashirikisha nitapiga magoti mbele yenu na adhabu yoyote nitaipokea. Kwa kumkataa Lusungu siombi radhi kwa mtu, hata kwako.

Msalimie sana mama, umwambie asilie, sijafiwa. Shangazi naye mpe salamu zangu, najua atafoka, mwache afoke. Pasaka nakuja nyumbani. Msimtume mtu kunipokea stendi, nakuja na pikipiki yangu.

Ni mie mwanao akupendaye,
Eufrazia