Jumamosi Tutamlilia Bibi

Jumatatu, Mwakiro. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Sijamwambia mtu yeyote: ninaomba nchi yangu ishindwe vita. Kanisani wenzangu wanaomba ushindi. Mimi nafumba macho pamoja nao na kuomba tushindwe upesi, ili vijana waliobaki kule Kongo warudishwe.

Kaka yangu hatarudi. Wiki iliyopita mwenzake wa kikosi alikuja nyumbani kwa magongo, akatuambia alimzika kwa mikono yake kwenye kilima huko. Akatusihi tusimtaje yeye kuwa ndiye aliyetuambia. Mama na mimi tukaenda hadi Gitega, kwenye kambi aliyoondokea kaka. Askari wa getini hakututazama usoni. "Mama, rudini nyumbani. Kama kuna habari, mtaletewa."

Hatujaletewa.

Jana Rais alihutubia. Nilisikiliza hadi mwisho, sikio karibu na redio. Sitaki kumwonea. Vita viko jirani na mpaka wetu, na pengine anajua hatari nisizozijua mimi, msichana aliyemaliza shule juzi tu. Lakini alimshukuru Mungu, akasifu mavuno, akatuomba subira. Waliokufa hakuwagusia. Ukiweza kumtuma mtoto wa mtu vitani, uweze pia kumwambia mama yake kwamba amekufa.

Hapo ndipo nilipomhukumu. Mimi, ambaye darasani niliogopa hata kunyoosha mkono.

Tukiweka matanga ya kaka, tutakuwa tumesema jambo ambalo serikali haijalisema, na watu huitwa kuhojiwa kwa hilo. Tusipoweka, mama ataisha. Hali chakula, halali usiku, na hajalia hata mara moja.

Leo mchana amemwita jirani yetu, Mama Odeta.

"Jumamosi tunamfanyia mama mkwe kuganduka. Tumalize matanga yake."

"Yule aliyefia kambi ya wakimbizi Tanzania, zamani mimi bado sijaolewa? Leo ndipo mnamkumbuka?"

"Sikuwa na mtama wa pombe."

Mama Odeta alicheka, kisha akamtazama mama vizuri, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Basi nitaleta pombe ya ndizi," akasema polepole. "Maskini. Na alikuwa kijana bado."

Mama akalia.

Wewe unayesoma hapa, sikujui. Lakini ukipita kwetu Jumamosi ukasikia kilio kikubwa mno kwa kikongwe aliyekufa miaka mingi iliyopita, na mtu akikuuliza ni nani tunayemlilia, nakuomba sana, sema ni bibi.