Chupa pa mazabahu

Delphine, uko? Hasira imenijaa.

Unajua mutoto yangu Guelord, tangu Pasaka hajagusa pombe. Leo mu ibada pasteur Michée akamuita mbele, atoe ushuhuda. Nikafurahi. Kumbe pasteur alileta chupa ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, pa mazabahu! Akaifungua: "Muntu Yesu alimufungua haogopi pombe. Shika, nusa, shetani apate haya!"

Anuse! Delphine, ANUSE!

Bamama banapiga makofi. Mutoto ameshika chupa, hanusi. Akasema polepole: "Pasteur, kila asubuhi ninaomba Mungu aniweke mbali na hii. Leo njo weye unaniletea?"

Akaweka chupa chini, akatoka.

Pasteur eti: "Munaona? Pepo inakimbia!"

Pepo gani? Ni mutoto yangu njo alikimbia!

Nilimukuta amesimama pa mulango ya baa, pale Kamalondo. "Mama, tuombe hapa hapa. Tusipoomba, ninaingia." Tukaomba kwa sauti, muziki ya baa inatufunika, balevi banatucheka. Hakuingia.

Sasa anakula bukari na mboga hapa kwangu.

Jumapili ijayo tutakuja kusali kwako nyumbani, kwa pasteur Michée haturudi tena. Ficha bia ya bwana yako.