Ufa wa Jukwaa la Mashariki

Uwanja wa Mpira,
Chumba cha mtunza uwanja.
Alhamisi, saa tisa mchana.

Kwako Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na umwambie sijakonda, maana najua ndilo atakaloanza kuuliza. Homa iliyonishika wakati wa mvua imekwisha. Je, ninyi huko Getanuwas? Mguu wako unaendeleaje na baridi? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na jirani yetu Gidamuhale amepata pa kupitishia mifugo yake kwenda majini, tangu shamba la ngano la serikali lilipoifunga ile njia?

Mwalimu Petro, wewe katekista unayewasomea wazazi wangu, nakusalimu pia. Nakuomba barua hii umsomee Baba kwanza, mkiwa wawili tu. Usiruke neno hata likiwa baya. Mama ataambiwa na Baba kwa namna anayoijua yeye.

Baba, ninaogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Hata mwaka ule niliposhuka kwenye basi katika mji huu, simjui mtu hata mmoja, nilikuandikia kwamba mambo ni mazuri. Leo sitaficha. Jumatatu ijayo nimeitwa mbele ya kamati ya mji nieleze habari za jukwaa lililoanguka, na mtu mmoja amekufa.

Afadhali nianze mwanzo ili uelewe.

Uwanja huu ni wa zamani. Aliyenifundisha kazi ya kuutunza ni Mzee Shomari, mzaliwa wa hapa, ambaye alikuwa kibarua Wazungu walipokuwa wanaujenga. Alibeba mawe kichwani. Ananiambia kwamba siku za mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kukaa kwenye kiti. Gavana alipokuja kukagua gwaride, wenyeji walisimama upande wa jua, nyuma ya kamba. Miaka ikapita, na katika uwanja huo huo watu wakajaa kusikiliza habari za uhuru. Siku hiyo Mzee Shomari alikaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti alichokuwa amekipaka rangi kwa mkono wake. "Nilikaa mpaka walinzi wakaniondoa ili wafunge lango," husema. Ndiyo sababu watu wa hapa wanaupenda uwanja wao kama sisi tunavyolipenda kanisa tulilobatiziwa. Upande ule wa jua ndipo baadaye lilipojengwa jukwaa la mashariki, ngazi za zege wanazokalia watu wa kawaida.

Mwaka huu mvua zilikuwa kubwa. Zilipokatika, asubuhi moja nilikuwa nafagia chini ya jukwaa hilo nikaona mstari mwembamba kwenye nguzo ya tatu. Nilidhani ni mchirizi wa maji. Nikaupitishia kidole, ukucha ukaingia. Wiki iliyofuata kidole chote kiliingia. Na udongo kwenye mguu wa nguzo ulikuwa umelowa, ingawa kwingine kote vumbi lilikuwa limeshaanza kuruka.

Nilimfuata Mzee Shomari. Amestaafu siku nyingi, anaishi nyuma tu ya ukuta wa uwanja. Akaja na fimbo yake, akaichomeka kwenye ule udongo, ikazama.

"Hapa palikuwa na kisima," akasema.

"Kisima cha nani?"

"Cha wote. Mama zetu walichota hapa. Bwana mkubwa alitaka uwanja uwe tambarare, tukaambiwa tukifukie kwa kifusi. Akina mama wakamwambia kwamba maji ya hapa hayakauki. Akacheka. Sisi vibarua tukafukia. Na walipokuja kujenga jukwaa, hakuna aliyeniuliza, nami sikusema."

Baba, uliniandikia kwamba watu wa vipimo wa lile shamba la ngano wamepiga vigingi vyenye vitambaa vyekundu hata chini ya zizi letu, na kwamba trekta limepita juu ya kaburi la babu yake Gidamuhale. Nakuomba usingoje kuulizwa. Nenda na Gidamuhale mkawaonyeshe kila kitu kilichopo pale, makaburi, maji, njia za ng'ombe. Wakikataa kusikia, basi angalau watakuwa wameambiwa.

Mimi nilikwenda kumwambia meneja wa uwanja. Si mtu mbaya. Mke wangu alipojifungua ni yeye aliyenipa ruhusa nije nyumbani. Alikuja akaitazama nguzo. Nyuma yake, Baba, palikuwa na vigingi kama hivyo vya kwenu. Mji una mpango wa kuupanua uwanja, waongeze ghorofa juu ya jukwaa hilo hilo la mashariki, na wapimaji walikuwa wameshapita.

"Daudi," akaniambia, "nikiandika kwamba kuna ufa, wataufunga uwanja. Mechi ya Jumamosi itahamishiwa mji mwingine. Mpango wa ghorofa utakufa. Mimi na wewe tutakwenda wapi?"

"Mimi nitarudi kwetu."

"Kwenu wapi? Si uliniambia mwenyewe ngano imefika mlangoni kwa baba yako?"

Nikavitazama vile vigingi.

"Piga plasta," akasema. "Mechi ikiisha nitamwita mhandisi."

Nikachanganya saruji, nikaupiga plasta ule ufa, nikapaka chokaa juu yake. Kazi ilikuwa nzuri. Nilirudi nyuma hatua kumi nikautafuta kwa macho nisiuone. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, Baba, na jukwaa likaanguka.

Jumamosi hiyo zilikuwa zinakutana timu mbili kubwa za hapa. Kufika saa nane mchana jukwaa la mashariki lilikuwa limejaa, watu wamebanana hata kwenye vipito. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na goli na ndoo ya chokaa, lakini sikuweza kutulia. Mpira ulipoanza nilizunguka nikaingia chini ya jukwaa. Plasta yangu ilikuwa imebanduka, iko chini, kipande kizima. Vumbi lilikuwa linamwagika kutoka juu kama unga unavyotoka kwenye mashine ya kusaga, na kila watu walipopiga miguu kushangilia, ule ufa ulifunguka kidogo na kujifunga.

Nilikimbia mpaka jukwaa kuu alikokuwa meneja na wageni wake. Nikamwinamia sikioni.

"Nguzo ya tatu inakatika," nikasema.

"Kaa chini," akanijibu bila kugeuka. "Mechi ikiisha."

Funguo zilikuwa kiunoni kwangu. Nikaenda nikafungua lango dogo la chuma linalotenga jukwaa la mashariki na kiwanja, nikaanza kuwaita watu washuke. Walinicheka. Mmoja akanirushia ganda la chungwa. Polisi akanishika mkono, akaniuliza kama nimelewa. Nikamwambia jukwaa linaanguka, naye akatazama juu, akaona maelfu ya watu wameketi salama wanaimba, akanibana zaidi.

Mzee Shomari alikuwa amekaa ngazi ya chini kabisa, mahali pake pa siku zote. Alinitazama nilivyoshikwa. Kisha akainuka, akapita langoni polepole na fimbo yake, akaingia ndani ya kiwanja mpira unachezwa, akaketi kwenye nyasi. Refa akapiga filimbi. Uwanja mzima ulizomea. Wazee wenzake wawili wakashuka kumtoa, naye akawaambia maneno machache tu: "Nimechoka kukaa juu ya kisima."

Wale wazee walitazamana. Walikuwa wameshakisahau, lakini alipokitaja walikikumbuka. Mmoja akarudi mbio langoni akaanza kuwaita wanawe kwa majina. Walioitwa wakashuka, walio nyuma yao wakauliza kuna nini, wakashuka nao, na baada ya hapo watu wa ngazi zote wakaanza kumiminika. Polisi akaniachia akaenda kuwapanga watu langoni wasikanyagane. Kutoka majukwaa mengine tulitukanwa matusi ambayo Mwalimu Petro asingeweza kuyasoma.

Walikuwa wamebaki wachache, wengi wao pembeni, nguzo ilipokatika. Haikulia kwa kishindo nilichotegemea. Ilikuwa kama ng'ombe mzito anapojilaza, kisha vumbi, kisha sehemu yote ya katikati haikuwepo. Watu walivunjika miguu na mikono. Tulifukua kwa mikono mpaka jioni. Mtu mmoja tulimtoa akiwa amekufa. Alikuwa fundi viatu, na aliyekuwa amekaa naye anasema alikataa kushuka kwa sababu alikuwa amefika tangu asubuhi na amepata nafasi nzuri.

Nilikwenda msibani. Nilikaa nyuma kabisa karibu na ukuta. Mjane wake alikuwa anapita na dada yake wakiwapa watu kahawa, akanifikia na mimi akanipa. Aliniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikasema hapana. Nikainywa ile kahawa, Baba, na sikumwambia mimi ni nani.

Sasa meneja ameandika maelezo yake. Amesema hakuna aliyemjulisha habari za ufa, na kwamba jukwaa lilivunjwa na mbio za watu waliotishwa na mtunza uwanja. Wako wanaoamini. Sokoni kuna wanaonikwepa. Juzi mchana meneja alikuja chumbani kwangu, akaketi kitandani.

"Sema hukuuona ufa," akaniambia. "Nami nitasema uliogopa tu ukababaika. Watasema ni mvua. Jukwaa litajengwa upya, na wewe utabaki na kazi yako."

Hayo yote yanawezekana, na ndiyo yanayonitisha. Nikisema hivyo, watajenga ghorofa juu ya kisima kile kile na watu watapanda. Nikisema kweli, lazima nianze na plasta, kwa sababu ni mkono wangu uliouficha ule ufa. Wanaweza kunifunga. Uwanja wenyewe huenda ukavunjwa wote, wajenge mwingine mbali nje ya mji, na watu wa hapa watanichukia kwa hilo kuliko kwa lingine lolote. Na nikifukuzwa, nirudi wapi? Silali vizuri. Chakula nakimeza tu kwa sababu lazima nimeze.

Nilimwuliza Mzee Shomari nifanye nini. Yeye pia anaogopa. Akanijibu, "Mimi nilifukia kisima, wewe ukafukia ufa. Twende wote wawili."

Jana nilirudi kwa yule mjane. Nilimkuta anapanga viatu vya watu ambavyo mumewe hakuwahi kuvimaliza, anatafuta wenyewe ni nani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu ukucha ulipoingia mpaka plasta. Hakulia wala hakunitukana. Alikiweka chini kiatu alichokuwa amekishika, akauliza, "Utasema hivi hivi Jumatatu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nitakuja nisikilize," akasema, akanifungulia mlango nitoke.

Polisi nawaogopa, na kamati naiogopa, lakini zaidi namwogopa yule mama atakavyokuwa ameketi pale ananitazama mdomoni. Nadhani asingekuwa yeye ningekuwa nimeshapanda basi la Arusha nikatoroka.

Nisalimie mke wangu Magdalena, na umwambie asije huku kwanza, wala asiambiwe na mtu mwingine kabla yako. Mbusu mwanangu kwa ajili yangu. Shikamoo kwa bibi mzaa mama, na salamu kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa Hirbadaw pamoja na shemeji. Ikiwa mtasikia nimefungwa, usiuze ng'ombe ili uje. Mguu wako hauiwezi safari hiyo, na ninyi mna vigingi vyenu vya kushughulikia.

Barua huchukua siku nyingi kufika huko kwetu. Mwalimu Petro atakapokuwa anakusomea maneno haya, Jumatatu itakuwa imeshapita, na nitakuwa nimeshasema au nimeshindwa kusema. Niombeeni hata hivyo.

Mwanao wa pili,
Daudi