Aliyesimama kwa Jina la Bibi

Hell-Ville, Nosy Be
9 Julai 1962

Kwako Mama mkubwa Zaharia,

Shikamoo. Naitanguliza kwa kuwa Bibi ndiye aliyenifundisha kuitanguliza. Mimi ni mzima. Shule imefungwa, na Masista wameniachia chumba changu.

Telegramu yako ilinifikia Bibi akiwa ameshazikwa. Nililia, nikanyamaza. Kisha jirani yako Chaehoi, aliyemwosha, akapita hapa akienda kwa dada yake Nosy Sakatia. Anasema Bibi alikuambia mbele yake, "Zaharia, niitie padri." Ukamjibu, "Padri amekwenda Antsanitia, mama. Lala." Na wakati huohuo kengele ya kanisa ilikuwa ikilia ng'ambo ya barabara, na anayeipiga kila siku ni padri mwenyewe.

Bibi aliisikia. Chaehoi anasema alifumba macho, akatabasamu, akasema, "Basi mwambieni huko Antsanitia apige taratibu, kichwa kinaniuma."

Alasiri ukamzika kwenye makaburi ya Waislamu, ya watu wa mumeo, bila padri, bila rozari yake. Kwa nini? Nataka jibu lako mwenyewe.

Mwanao,
Koulsoum


Mahajanga
30 Julai 1962

Mwanangu Koulsoum,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila goti langu. Mwanangu Hayrat anakusalimu. Harusi yake na Fazul wa Marodoka ni mwezi wa kumi na moja, huko kwenu, nawe usikose.

Chaehoi mdomo wake mpana kuliko mlango wake. Lakini ni kweli, nilisema hivyo. Wewe ulilelewa na Bibi, ukabatizwa, ukasoma. Mimi niliolewa mdogo katika nyumba ambako chumvi ikizidi tu naitwa mtoto wa Mkristo. Padri angeingia, Bibi angezikwa kwa Wakristo wenzake. Na mimi nikifa nitazikwa huku. Nilitaka nilale karibu na mama yangu. Ni hilo tu.

Rozari ninayo. Nitakuletea.

Mama yako mkubwa,
Zaharia


Hell-Ville
26 Agosti 1962

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa.

Nilikaribia kukusamehe. Kisha nikaenda Marodoka kumsalimu Bi Nadjma, mama yake Fazul. Alinimiminia chai, akasema, "Kumbe Hayrat ana ndugu wa kanisani! Mama yake alituambia bibi yao alikuwa akisomesha Kurani kisiwani Ngazidja, akafa Hayrat hajazaliwa."

Niliimeza ile chai ikiwa moto.

Bibi! Aliyefua vitambaa vya altare miaka yote, na maji ya kwanza akiyamwaga kwenye shina la mndimu pasipopita mguu wa mtu, maana huenda chembe ya mkate mtakatifu imo. Aliyemkaangia babu Assoumani sambusa za futari huku midomo yake ikisali rozari. Na Siku ya Marehemu Wote, unakumbuka? Padri husoma majina, na jina likisomwa, mtu wake husimama. Jina lisilo na mtu, Bibi alisimama kwa ajili yake. Watoto wakamwita Mama Simama, naye akiwajibu, "Ngojeni mfe, mtaona faida yangu."

Mwili wake umeuzika. Maisha yake pia umeyazika. Nitakulipa. Nimeshampa padri wa hapa jina, na tarehe mbili Novemba atalisoma lote: Maria Mariyama, mke wa Assoumani, mama yake Zaharia wa Mahajanga, bibi yake Hayrat. Madirisha ya kanisa letu hayafungwi, na Marodoka si mbali.

Koulsoum


Mahajanga
14 Septemba 1962

Mwanangu, kipenzi changu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikitafuta neno "mwanao" mwishoni, sikuliona.

Hayrat hajui lolote kuhusu hayo niliyosema Marodoka. Anakaa hapa anashona mito yake, anaimba. Usimchome yeye kwa kosa langu. Njoo unitukane mlangoni kwangu, mtaa mzima usikie, sitafungua mdomo. Lakini jina la Bibi lisomwe peke yake, bila letu. Nakupigia magoti, hata hili bovu.

Mama yako mkubwa,
Zaharia


Hell-Ville
3 Oktoba 1962

Mama mkubwa,

Sikungoja Novemba. Nilirudi kwa Bi Nadjma nikamweleza yote. Nilitaka kuuona uso wake ukibadilika. Haukubadilika mpaka nilipofika kwenye uongo wako wa Antsanitia.

"Bibi Mkristo si kitu," alisema. "Wifi yangu mmoja ni Mkristo, na pilau yangu anaimaliza. Lakini mwanamke aliyemkana mama yake! Binti yake atamfanya nini mwanangu?"

Alitaka kuvunja uchumba palepale. Nilifurahi. Ilikuwa furaha tamu, sitakudanganya. Ndipo nikampa sharti la kuweka badala ya kuvunja, naye akalikubali. Jina likisomwa, wewe ndiye usimame. Ndani ya kanisa, mbele ya watu, yeye akikutazama kutoka mlangoni. Usiposimama, hakuna harusi.

Meli ya kuja huku unaijua.

Koulsoum


Hell-Ville
4 Novemba 1962

Mama mkubwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Uko Marodoka, mwendo mfupi tu, lakini naandika kwa sababu sitaki kuja.

Nilikuona ukiingia na shiromani yako mpya umejitanda. Ulivua viatu mlangoni kama uko msikitini, watoto wakacheka. Jina la kwanza likasomwa, la mvuvi mmoja, ukasimama, watu wakakukalisha. Kisha likaja la Bibi. Ulisimama umeshika benchi, rozari yake mkononi, na bila kuulizwa na mtu ukasema kwa sauti, "Ni mama yangu." Bi Nadjma alijifuta macho. Harusi ipo.

Halafu uligeuka kunitafuta. Nilikuwa nyuma yako, mkono wangu ungelifikia bega lako. Uliningoja nisimame nawe, maana ni bibi yangu pia.

Nilikaa.

Bibi angesimama kando yako, akakushika kiwiko, akakunong'oneza mzaha juu ya vile viatu. Nalijua hilo tangu pale pale kwenye benchi, na bado nilikaa mpaka majina yakaisha.

Rozari uliyoniwekea kwenye benchi nimeichukua. Usinijibu. Mwaka ujao jina lake litasomwa tena. Ukija, ingia na viatu vyako. Kusimama nawe sikuahidi.

Mwanao,
Koulsoum