Kalamu Nyekundu kwa Riwaya ya Zuberi

Handsworth, Birmingham
Novemba 1974

Mdogo wangu Zuberi,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, na magoti ya mama yawe yamepata nafuu. Sisi hatujambo. Baridi imeingia mapema, na mimi bado nakata tiketi kwenye basi la Soho Road nikiwaambia watu wasogee ndani.

Riwaya yako imefika. Umeniomba niitafutie makosa kabla haijachapwa tena. Hukujua kazi hiyo unampa nani. Mashairi yako ya Kishambaa niliyavumilia. Zile insha zako gazetini za kutetea lugha yetu, nikasema ni ualimu tu umekuzidi. Lakini riwaya, Zuberi? Hadithi zile bibi alikuwa akinisimulia mimi, wewe ukikoroma mapajani mwangu. Mwandishi wa nyumba ile nilikuwa niwe mimi. Basi nikanunua kalamu nyekundu, nikakaa mezani Jumapili nzima.

Salim wa Unguja, tunayefanya naye kazi, alinikuta hapo.

"Umepata mangapi?"

"Bado."

"Kitabu kizima?"

"Kuna koma moja naitilia shaka."

"Bwana Hoza, wewe husahihishi. Una wivu."

Nikamwambia anywe chai yake.

Jioni nikalipata kosa. Pale nyani wanapovamia mahindi, umeandika kwamba kaka alisimama kwenye dungu la kulindia shamba, akamkinga mdogo wake, akapiga debe mpaka wakatawanyika. Si kweli, na wewe unajua. Mimi nilikimbia. Nilikuacha juu ya lile dungu na miaka yako sita, na debe ulilipiga wewe. Baba alipouliza, ulikaa kimya.

Siku tatu nimeishika kalamu juu ya ukurasa huo. Ningeandika "uongo" pembeni, ningekuwa nimekupata. Lakini shemeji yako alikwisha kuusoma, akanitazama kwa namna ambayo sijaizoea, akaniongezea nyama.

Kitabu nimekirudisha kwa posta. Nimetia alama kwenye ile koma tu, na hiyo uifute, walau nami niwe nimefanya kazi. Ukurasa wa dunguni uache ulivyo. Wivu bado ninao, usidhani umeisha.

Nisalimie mama, na mkeo mwalimu, na dada yetu wa Korogwe. Msalimie pia mjomba, yule aliyepishana nami njiani siku ile nikitimua mbio. Yeye kitabu usimpe.

Ni mimi kaka yako, yule wa kwenye riwaya,
Hoza