Maneno Yaliyonishinda Ukweni

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Hapa Gendabi tuko wazima, ng'ombe mwekundu kazaa. Anaandika shangazi yako, maana mimi kukaa siwezi, nawaza mtihani wako tu.

Unauliza ufanyeje usirudie makosa yale yale ya Kiingereza. Mimi nilipoolewa, sisi Wabarabaig mke hataji jina la baba mkwe, wala maneno yanayofanana nalo. Nikawa nateleza kila siku, mwisho nikanyamaza kabisa. Wifi akacheka, "Sasa maji utaomba kwa mkono?" Basi kila asubuhi akawa ananiuliza yale maneno matatu yaliyonishinda, niseme ya kuyakwepa, nikikosea ananikatiza papo hapo.

Mpe rafiki daftari lako lenye alama nyekundu za mwalimu, akuulize hayo hayo uliyokosea. Akicheka mwache acheke. Jumatatu kwenye mtihani hatakuwepo wa kukukatiza.