Chungu cha Mamaye Bibi Miriam

Mayfair, Johannesburg

Mdogo wangu Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga. Goti lako limepungua maumivu? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko sawa.

Siku uliyopiga simu kuwa Rehema wangu kachaguliwa chuo cha uuguzi, nilimtangazia kila mtu, mpaka Msomali wa buchani akaniongezea mfupa. Ukoo wetu nani mwingine kazaa muuguzi? Nikaenda na nyama kazini, nipike pilau niwagawie wafanyakazi wa nyumba za jirani. Na pilau yangu unaijua, huku hawajaonja kitu kama ile.

Bibi Miriam, yule mzee Myahudi ninayemfanyia kazi, kwa dini yake hali nyama ila iliyochinjwa na Wayahudi wenzake, vyombo vyake vya nyama mbali, vya maziwa mbali, na mimi nina kisufuria changu. Miaka minne sijakosea. Siku hiyo kisufuria hakikutosha. Nikachukua chungu chake cha nyama. Nikajiambia, yangu ni ya halali, imechinjwa kwa kisomo, itakuwa na neno gani?

Akarudi toka kwa daktari, akakuta chungu motoni.

"Fatuma, hiyo nyama ya wapi?"

"Ya Mayfair, Bibi. Safi kabisa."

Akakaa kitini. Chungu kile mama yake alikuja nacho kwa meli kutoka Ulaya.

Nilikisugua kwa limau, kwa sabuni ya unga, kwa maji ya moto mpaka vidole vikachubuka. Pilau ikapoa, hakuna aliyeionja. Yeye akampigia simu rabi, ndiye kama shehe wao. Upawa wa chuma niliogeuzia pilau, rabi alisema, uchemshwe, utarudi kazini. Chungu hapana, udongo umeshakunywa mchuzi wa nyama ile. Nami nilijua, Mwanaidi. Chungu cha samaki cha marehemu mama, aliwahi kukipikia uji?

Nikaomba radhi huku nalia. Akasema, "Hukukusudia. Kichukue wewe, kwako hakina kosa." Angenifokea ningepumua.

Sasa kiko chumbani kwangu, juu ya kabati. Kukipikia siwezi, kukitupa siwezi. Ijumaa, Sabato yao ikikaribia kuingia, yeye anapikia sufuria ya dukani, na mimi ndiye ninayeiosha.

Nisalimie mjomba Athumani, fundi wetu wa cherehani, na jirani yetu Bi Zena. Rehema mwambie siku ile mama yake alipika pilau, watu wakala wakasifu. Mengine yabaki kwako.

Ni mimi dada yako,
Fatuma